Sili ya Mzee Kivamba

"Mume wangu ananiwasha," alisema yule mama, akavuta juu mkono wa sweta ili nione mahali.

Nilikuwa nimeinama mbele ya lori, spana namba kumi na tisa mkononi, na asubuhi ile sikuwa na subira na mtu. Lori lenyewe, ambalo Kambi nzima ya Lihanga inaliita Shangazi, lilikuwa limerudi jana yake kutoka mpakani baada ya miaka miwili, likanitilia doa la mafuta kwenye sakafu niliyoisugua mwenyewe kwa brashi. Ukiinua kabini yake, inatulia juu dakika tatu, halafu inaanza kushuka polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Na kabini ya lori la jeshi si kofia. Ni tani moja na nusu, na chini yake ndipo fundi anapoingiza kichwa akitaka kuifikia injini.

"Mama, zahanati iko upande wa pili," nikamwambia bila kumtazama vizuri. "Hapa ni karakana."

"Najua ni karakana. Si jina la mume wangu hilo pale juu ya mlango?"

Nikanyanyuka kama niliyechomwa sindano. Lo! Alikuwa Mama Festo, mjane wa Sajinitaji Kivamba, mwalimu wangu wa kazi, na mimi nimemsemesha kama mtu aliyekuja kuuza karanga. Nikafuta mikono kwa tambara, nikapiga goti.

"Shikamoo mama. Nisamehe, hicho kitambaa umejifunga mpaka kwenye nyusi."

"Marahaba, Zamda. Baridi hii ya kwenu. Umenenepa, vizuri."

Koplo Ndahani, dereva wa Shangazi, alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba na kikombe cha uji. "Jamani Mhehe huyu!" akasema. "Kafa miaka miwili, na bado anasumbua watu?"

Ndahani ni Mgogo. Wahehe ni watani wake, na mdomo wa mtani hata msiba hauufungi. Mama Festo hakugeuza hata shingo. "Wewe Mgogo maliza kwanza huo uji uliouomba," akamjibu. Ndahani akacheka mpaka uji ukamwagikia buti.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona kovu. Lilikuwa jembamba, limenyooka, limetoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Ninalo kama hilo. Kila fundi wa jeshi analo.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "huo uzi umeupata wapi?"

"Nesi aliyemtoa marehemu uzi ndiye aliyenitia mimi. Jina lake usiniulize, maana sitakutajia."

Uzi ule ni mali ya jeshi. Fundi akifariki, unatolewa, unarudishwa stoo, unaharibiwa. Kuutia kwenye mkono wa raia ni kosa la kwenda kujibu mbele ya kapteni. Nilipaswa kupuliza filimbi pale pale. Badala yake nikamvutia kiti.

*

Zamani, mimi nikiwa kuruta, sili za jeki za kuinulia kabini zilikuwa za mpira. Sili ni pete ndogo tu, unaweza kuivaa kidoleni. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke pale fimbo ya jeki inapopita. Zikawa haziletwi tena, na zilizokuwepo zikakakamaa kwa baridi ya huku juu. Kibaya zaidi, mafundi tulikuwa tunalipua kazi na kutia saini. Kabini zikaangukia watu.

Ndipo wakaja na sili hai. Wanakata kipande cha ngozi ya mkono wako, kama punje ya harage, wanakilaza kwenye kopo la chakula chake, ndani ya kalibu. Siku ya kumi na moja kimeota pete. Unaiweka kwenye jeki, inaishi humo, inakula kutoka kwenye mafuta yenyewe. Nawe unatiwa uzi mkononi. Sili yako ikipata shida popote ilipo, redio ya lori inapeleka habari na uzi unakuwasha. Nani atalipua kazi hapo? Utajikuna mpaka uombe radhi.

Kwa hiyo fundi akifa, sili zake zote hutolewa ndani ya siku thelathini na kuchomwa, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuzihisi. Za Mzee Kivamba nilizitoa mimi, kumi na tisa, nikilia na kupenga kamasi. Zikabaki tatu: ya Shangazi, ya Mchumba na ya Kaka Mkubwa. Malori hayo matatu yalikuwa yameshaondoka kwenda kujenga daraja la Nsumba, huko mpakani, na barua ya kuyarudisha ikalala kwenye faili la mtu fulani.

"Kwa hiyo miaka miwili yote umekuwa unamhisi?" nikamuuliza Mama Festo.

"Nahisi joto. Hapa. Wakiinua kabini huko waliko, panapata joto, kama alivyokuwa akinishika mkono tukivuka barabara. Nasema, haya, Kivamba ameingia kazini. Napika zangu, nalima zangu. Nimeishi vizuri, Zamda, sikufichi. Wajane wenzangu wana picha ukutani." Akajikuna taratibu. "Tangu Jumapili joto limegeuka muwasho. Nimepanda basi la alfajiri. Nimekuja kukuomba umtengeneze. Usimtoe."

Ndahani aliacha kunywa uji.

Nilitamani ardhi inimeze. Sili ile ndiyo kitu pekee cha mume wake kilichokuwa bado kinapumua duniani. Nikiitoa, inakufa ndani ya nusu saa. Nikiiacha, Ndahani ataingiza kichwa chini ya kabini kesho asubuhi kupima oili, kama afanyavyo kila asubuhi, huku kabini imeshikiliwa na mtu aliyezikwa.

"Ngoja kwanza nione panapovuja, mama," nikasema. Jibu la mwoga, lakini ndilo nililokuwa nalo.

*

Ndahani akapiga pampu, kabini ikainuka, mimi nikachomeka nguzo ya usalama. Wenzangu wengi siku hizi nguzo wanaitundika ukutani. Wanasema, ya nini, si fundi mwenyewe anaihisi sili? Mimi bado naichomeka. Nikafuta jeki yote ikakauka, nikachukua kipande cha boksi na kukipitisha polepole kando ya kila kiungo. Mkono hupitishi hata siku moja. Mafuta yaliyobanwa yanaingia kwenye nyama kama sindano, na kuna fundi Iringa anayehesabu mpaka tisa tu kwa sababu hiyo.

Mpira wa mafuta ulikuwa mzima. Nati zote zimekaza. Boksi lilipofika shingoni mwa jeki, likalowa mstari mwembamba.

"Ni sili," nikasema.

"Najua ni sili," akasema Mama Festo. "Hapo hapo ulipogusa."

Nikafungulia mafuta yarudi kwenye tangi, nikachomoa pini mbili, tukaibeba jeki mpaka kwenye meza. Nikaibana, nikafungua shingo, nikavuta fimbo. Ikaja, na sili ya Mzee Kivamba imeng'ang'ania juu yake, rangi ya maji ya kunde, vuguvugu.

Nikaiangalia. Nikaiangalia tena. Nikachukua taa.

Sili ina mdomo. Mdomo unatakiwa kutazama mafuta, ili yakisukuma, yaupanue na ubane zaidi. Hilo ndilo somo la kwanza. Mzee Kivamba alikuwa akilifundisha huku ametumbukiza kidole ndani ya kikombe, akifoka: "Mdomo kwa mafuta! Mdomo kwa mafuta!" Na sili hii ilikuwa imetazama nje. Ilikuwa imewekwa kinyume.

Ya mpira ingemwaga mafuta siku ile ile. Lakini hii ilikuwa nyama ya mtu mkaidi. Ilikuwa imejikunja, ikaota sugu upande wote wa mgongo, ikashikilia hivyo hivyo miaka miwili. Lile joto alilokuwa akilisikia Mama Festo halikuwa salamu. Ilikuwa inajikaza.

Ndahani alikuwa amesimama begani kwangu. Dereva mzuri anajua sili. Akaninong'oneza: "Weka tiki kwenye uzee, afande. Tumwache mzee wa watu alale."

Kwenye fomu ya matengenezo kuna sanduku hilo kweli: sababu ya kuvuja, uzee wa sili. Tiki moja na mambo yameisha. Ukiandika "imewekwa kinyume," wanakuja wakaguzi, na jina lililo juu ya mlango halimalizi wiki.

"Vipi?" akauliza Mama Festo kutoka kwenye kiti.

"Imezeeka, mama," nikasema. "Imechoka tu. Haitengenezeki."

Halafu akauliza, "Ataumia?"

"Atapumzika."

"Basi mtoe."

Nikaikata kwa kisu chembamba, nikaiweka kwenye sahani ya bati. Mama Festo akajishika mkono, na baada ya dakika chache nikamwona uso ukilegea. Machozi yakamtoka bila sauti. Ndahani, ambaye kwa mila ilikuwa zamu yake, akavua kofia na kutangaza kwamba sasa mbwa wote wa Iringa watalala kwa amani, mlaji wao amekwisha. Mama Festo akacheka na kulia kwa pamoja, akamrushia kitambaa. Ulikuwa msiba mdogo mzuri. Ningeufurahia kama nisingekuwa mwongo.

*

Nikachukua moja ya sili zangu kwenye kopo la joto, nikaiweka. Mdomo kwa mafuta. Nilihakikisha mara tatu. Nikafunga shingo, tukarudisha jeki mahali pake, nikajaza mafuta, nikatoa hewa, Ndahani akainua kabini. Mkononi mwangu pakaja kijoto kidogo, kile cha sili mpya inapozoea.

Ikabaki kulalia kazi. Hii desturi haimo kwenye kitabu chochote, lakini hapa Lihanga huwezi kutia saini bila kuitimiza. Fundi analala chali chini ya kabini, nguzo inatolewa, na mtu anahesabu mpaka sitini. Kama umelipua, ni shauri lako.

"Nihesabu mimi," akasema Mama Festo. "Kivamba nilimhesabia mara nyingi akiwa kijana."

Akaanza. Anahesabu polepole mno yule mama, kama anapanga vikombe kabatini. Moja. Mbili. Mimi chini, natazama chuma cheusi nusu mita juu ya pua yangu.

Kwenye kumi na mbili nikawaza: naye alilala hapa. Alilala chini ya kosa lake, sitini ikatimia, akainuka akatia saini kwa moyo mweupe. Nyama ilishikilia. Desturi yetu haiwezi kukamata kosa la namna hii.

Kwenye ishirini na tano nikawaza juu ya Mchumba na Kaka Mkubwa. Aliyatengeneza siku ile ile ya Shangazi, asubuhi ile ile, malori matatu yakingoja kwa foleni na kapteni akipiga honi. Mkono ule ule, macho yale yale. Macho! Wiki hizo za mwisho alikuwa akinipa mimi nimsomee namba za vipuri, akidai miwani ameisahau nyumbani. Kila siku ameisahau.

Kwenye arobaini nilikuwa natoka jasho katika baridi ile. Ukiandika uzee, nani atafungua jeki za malori mawili yaliyo Nsumba? Hakuna. Na nani anaingiza kichwa chini yake kila asubuhi? Watu wana mama zao.

"Sitini," akasema Mama Festo. "Inuka, umefaulu."

Niliinuka. Nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti chake, nikachuchumaa.

"Mama, nimekudanganya. Haikuzeeka. Mzee aliiweka kinyume."

Ndahani akasonya na kugeukia ukutani.

Nikamweleza yote: mdomo, sugu, foleni, macho. Nilimweleza hata la joto, kwamba halikuwa salamu, kwa sababu nilishaanza na sikujua pa kuishia. Alinisikiliza huku amekaza midomo. Nilingoja anizabe kofi.

"Kinyume," akasema.

"Ndiyo mama."

Akatikisa kichwa, na taratibu mashavu yakaanza kumcheza. "Kivamba huyu! Siku ya harusi yetu alivaa fulana kinyume, lebo iko kifuani. Nikamwambia. Akasema hapana, ndivyo zinavyovaliwa siku hizi." Akacheka kicheko kirefu cha tumboni, akajifuta macho. "Miaka miwili ameng'ang'ania kuliko kukiri. Ndiye, ndiye kabisa. Na ujue alijikuna siku zile za mwisho. Nilimpaka mafuta ya nazi. Akaniambia, Jumatatu nitakwenda karakana, kuna jambo nataka kurekebisha. Jumapili akafa."

Nilimshika mkono.

"Na wewe umenidanganya," akaongeza, sasa hacheki. "Usirudie. Kama ningerudi kwangu na uongo wako, hawa wawili wengine ningewaelewaje?"

"Wawili gani, mama?"

Akageuza mkono kwenye mwanga. "Huyu wa kifundoni ndiye mliyemtoa. Amenyamaza. Lakini hapa katikati kuna joto. Na hapa karibu na kiwiko kuna jingine. Nilidhani ni yeye tu, anatembea."

Uzi ni mmoja, lakini kila sili ina mahali pake. Alikuwa na Mchumba na Kaka Mkubwa mkononi mwake, zikiwa hai, na katika jeshi zima hakuna mwingine aliyekuwa akizihisi.

"Ziko vipi? Joto tu, au—"

"Joto tu," akasema. Halafu akakunja uso. "Ngoja. Hapa pa kiwikoni. Aa! Pameanza. Pameanza kuwasha sasa hivi, Zamda, tena vibaya."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne kamili. Ukaguzi wa asubuhi Nsumba.

*

Sikumbuki nilivyofika kwenye redio ya upepo. Nakumbuka tu kwamba niliangusha kopo la nati na kwamba Ndahani alikuwa mbele yangu anafungua mlango.

"Nsumba, Nsumba, hapa Lihanga karakana! Mna kabini juu?"

Mikwaruzo. Halafu sauti ya mtu anayetafuna kitu. "Hapa Koplo Mtweve. Zote mbili ziko juu, afande, tunapima oili. Kwani—"

"Toa watu chini! Wote! Chomekeni nguzo, zote mbili, sasa hivi! Usiniulize swali, Mtweve, kimbia!"

Tukasikia buti. Tukasikia mtu akiita jina, chuma kikigonga chuma, mtu akitukana. Mama Festo alikuwa amefika nyuma yangu, anahema, amejibana kiwiko kwa nguvu.

Ukaja mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango mzito unaofungwa na upepo.

"Mtweve?"

Mikwaruzo tu.

"Koplo Mtweve!"

"Nipo, afande." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mchumba imeshuka. Imekaa juu ya nguzo. Mafuta yamemwagika yote." Akapumua. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeinama humo. Sasa hivi tu."

Nikakaa chini sakafuni na kuegemea meza.

Mama Festo akachukua kisemeo mkononi mwangu. "Mwanangu, una mama?"

"Ninaye," ikasema sauti.

"Mpigie leo. Usimweleze, msalimie tu. Na ile kabini nyingine ishusheni, ikae chini mpaka Sajenti Zamda aje. Bado ina joto zuri, lakini simwamini tena mtu huyu."

Alipomaliza akaniinua kwa kunivuta mkono, ana nguvu yule mama, tukarudi karakana. Akaivuta fomu yangu iliyokuwa chini ya kopo la grisi, akaiweka mbele yangu.

"Andika."

"Watafuta jina mlangoni, mama," akasema Ndahani kwa upole nisiowahi kumsikia nao.

"Wafute. Ni rangi. Yule mtoto wa Nsumba bado ana kichwa."

"Na lazima niandike nani amehisi hitilafu," nikamwambia. "Watakuuliza uzi umeupata wapi."

"Niandike na mimi. Wakitaka kuutoa, waje. Lakini waje baada ya Kaka Mkubwa kufunguliwa. Kabla ya hapo mkono huu uko kazini."

Nikaandika. Sababu ya kuvuja: sili imewekwa kinyume. Malori yanayohusika: matatu. Aliyehisi: mjane wa fundi. Nilipofika kwenye mstari wa aliyefanya kazi nikaandika S. Kivamba, harakaharaka, nipite.

"Hapana," akasema. "Jina lake lote. Kwa herufi kubwa."

Nikakata, nikaandika upya: SEVERIN LUPONDO KIVAMBA. Mama Festo akainama, akalifuata kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Ndiye huyo."